Aliyewafuata Ng'ombe wa Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni aache sufuria kidogo, aliye uani aingie ndani. Leo tuna msiba wa Moshono. Mzee Kisioki Lerionka ametutoka, akiwa na zaidi ya miaka themanini, na juzi tumemzika. Wengi mlimjua kama yule mzee mkali aliyefukuza watoto kwenye migomba yake. Mimi nawaletea Kisioki mwingine. Kisioki dereva wa gari la ng'ombe, zama za Mjerumani.

Dereva, ndiyo. Msicheke. Malori hayakuwepo. Reli ilikuwa imefika Moshi ikaishia hapo, na Arusha ilitaka taa. Basi mafuta ya taa yalishushwa stesheni, madebe kwa madebe, yakapakiwa kwenye gari la magurudumu ya mbao. Ng'ombe wakafungwa nira wawili wawili, safari ikaanza. Sanya, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, Tengeru, mpaka bomani Arusha. Kisha kurudi Moshi. Kisha tena.

Na kazi yenyewe hakutumwa na mtu. Siku moja askari walifika kwa baba yake, mzee Lerionka, wakachagua maksai wawili walio bora, wakaondoka nao wakavute gari la Mjerumani. Mmoja mweusi, jina lake Orok. Wa pili wa kahawia, Mugie. Mzee aliwaachia. Angefanya nini? Kisioki ndiye aliyeshindwa kutulia. Alikuwa kijana, ameoa juzijuzi. Alimwambia mkewe, Resiato, kwamba ng'ombe aliyezoea kuitwa jina haachwi mikononi mwa watu wasiomjua. Akajitupia shuka begani, akawafuata mpaka bomani, akaomba awaendeshe yeye. Alitaka jambo moja tu, wasikilizaji. Kuwarudisha nyumbani wote wawili, wakiwa hai.

Akachoka jamani. Kiangazi, vumbi la Sanya linaingia mpaka kwenye meno. Masika, magurudumu yanazama topeni. Madebe yanavuja, mafuta yanachuruzika kwenye shuka, ngozi inawasha. Safari ikiisha, nyingine inangoja. Binti yake, Bi Namelok, aliniambia jana, "Mama alikuwa akimkalisha mbali na moto. Akimwambia, mume wangu, wewe sasa ni taa, utatuunguza." Walicheka, anasema, lakini Kisioki alikuwa akicheka macho ameyafumba kwa uchovu.

Masika moja gari lilikwama kwenye mto wa Maji ya Chai. Mugie akapiga magoti, kisha akalala kabisa, nira ikiwa shingoni. Msimamizi, Mjerumani, akaamuru apigwe kiboko mpaka ainuke. Kisioki alijua ng'ombe yule si mkaidi, nguvu zimemwishia. Alitaka mzigo ushushwe kwanza. Lakini Kijerumani hakukijua, na Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu. Basi akafanya kile ambacho Mwarusha yeyote angefanya. Aling'oa majani mabichi ukingoni, akayashika mkononi, akasimama kati ya kiboko na Mugie.

Kwetu huku mtu aliyeshika majani hapigwi. Ameomba amani. Hata awe adui yako, ukimwona na majani unashusha rungu. Kisioki alidhani dunia nzima inalijua hilo. Ndilo lilikuwa kosa lake. Msimamizi aliona mtu anayelisha ng'ombe wakati wa kazi.

Kisioki akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, pale pale ukingoni. Hamsa ishirini, wasikilizaji wapendwa, na majani hakuyaachia. Walipomaliza, Mugie alikuwa ameshakufa. Madereva wenzake Kisioki walimchuna, wakabanika nyama, maana walikuwa na njaa. Wakamkatia kipande chake. Hakuwalaumu, ila hakula. Alikwenda kukaa karibu na Orok. Inaniuma, na mimi sikuwepo.

Aliendelea kuendesha gari lile muda mrefu baada ya hapo, kwa ajili ya Orok. Kisha vita ikaja, Wajerumani wakaihama Arusha, na katika fujo ile Kisioki akamfungua Orok nira, akashika njia ya Moshono. Walikwenda polepole, wote wawili wakichechemea. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia baba yake. Alikwenda kwa ajili ya ng'ombe wawili, anarudi na mmoja.

Mzee Lerionka alimkuta langoni. Kisioki akainamisha kichwa apate baraka, akaanza kueleza habari za Mugie. Baba yake hakumtazama Orok hata mara moja. Alimgeuza mwanawe, akautazama mgongo, akaugusa kwa kiganja. Bi Namelok alisimuliwa maneno yake mara nyingi, nami nayasema kama alivyonipa:

"Ng'ombe niliwaaga siku ile walipochukuliwa, wote wawili. Nikaumia, ikapita. Wewe ndiye sikuweza kukuaga. Nani alikutuma?"

Kisioki aliketi chini mbele ya baba yake, mtu mzima mwenye mke, akalia.

Huyo ndiye Mzee Kisioki, dereva wa gari la ng'ombe, tuliyemzika juzi Moshono. Bi Namelok, pole sana mama. Poleni ukoo wote wa Lerionka, poleni waumini wenzake. Mungu ampumzishe, maana huyu kweli alihitaji kupumzika.

Nanyi mnaonisikiliza, kama una mwana aliye mbali, anahangaika huko na hathubutu kurudi kwa sababu hajapata alichokifuata, mpelekee salamu kesho asubuhi. Mwambie aje, hata mikono mitupu. Mwambie unamngoja yeye.