Bila Kuzima na Nusu ya Ukweli

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa kompyuta wa hospitali, aliyezikwa Jumanne. Wauguzi walimwita Bila Kuzima. Aliweza kubadilisha mipangilio ya mashine kuu huku inafanya kazi, na wodini asijue mtu. "Huyo atakubadilishia tairi gari likiwa mbioni," walimtania. Naye alitembea kwa madaha, mabega juu.

Madaha hayo ndiyo yaliyomponza.

Asubuhi moja mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulielemewa. Wauguzi wengine wakashindwa kuingia. Fundi akaongeza idadi ya wanaoruhusiwa kuingia kwa pamoja. Bila kuzima. Papo hapo wodi zote zikaingia. Lakini shikeni hili, wasikilizaji: badiliko la namna hiyo hudumu mashine ikiwa inawaka tu. Lisipoandikwa pia kwenye faili la mipangilio, mashine ikizimika na kuwaka tena, hurudia hali ya zamani. Fundi hakuliandika. Aliitwa kwenye simu, akasahau.

Wiki tatu baadaye, saa tano asubuhi, fundi umeme wa hospitali alikuwa akijaribu jenereta. Fundi umeme huyo alikuwa shemeji wa Bila Kuzima, kaka wa mkewe. Umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ikawaka na mipangilio ya zamani, na wodi zikafungiwa nje. Muuguzi mmoja, asiyeweza kuona kumbukumbu za mgonjwa wake, akamchoma mama wa watu sindano ya dawa isiyopatana na mwili wake. Mama yule alipoteza fahamu siku mbili. Alipona, Mungu alisaidia.

Dakika ishirini zilimtosha fundi kujua kosa ni lake. Akalirekebisha, safari hii akaliandika. Mkurugenzi alipouliza kulikoni, akatazama viatu vyake.

"Umeme ulikatika," akasema.

Ni kweli, ulikatika. Alisema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ikamfukuzisha shemeji yake kazi.

Akanyamaza miaka sita. Miaka sita, wasikilizaji! Mjane wake anasimulia: "Kaka akija kututembelea, mume wangu anatoka nje, eti anakagua paa. Nikadhani ni dharau. Kumbe ni haya. Nami nilimsema kaka yangu, nikamwambia uzembe wako nusura uue mtu."

Siku moja mchana fundi hakuwahi kutoka, wakawa mezani pamoja. Shemeji akazungusha kikombe chake, akasema taratibu: "Shemeji, kila siku naipitia ile kazi ya jenereta kichwani. Natafuta nilipokosea. Sipaoni. Nimeanza kujiogopa."

Fundi akasukuma sahani kando. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usitafute tena, shemeji," akasema. "Ni mimi. Nilijua tangu siku ile ile."

Shemeji alisimama, akabeba viatu vyake mkononi, akaenda zake pekupeku.

Kesho yake fundi alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akasoma barua yake mwenyewe ya kukiri kosa. Akaenda hadi kwa mama yule wa sindano, akaomba radhi mlangoni. Akaondolewa chumba cha mashine, akamalizia miaka yake akitengeneza printa kwenye ukumbi. Jina la Bila Kuzima likafa. Shemeji aliitwa arudi kazini, akakataa.

Miaka miwili hawakusemezana. Fundi alipougua, akalala kitandani hawezi hata kuinua mkono, shemeji akaja.

"Sikumwambia nimekusamehe," shemeji anasema. "Neno halikutoka. Nilimkuta ndevu zimemjaa, nikaomba wembe na maji ya moto. Alikuwa analia. Nikamwambia: tulia, shemeji, nisije nikakukata."

Kwa mjane, kwa watoto, na kwako shemeji, poleni sana. Mungu awape subira.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tujiulize kimyakimya: yupo anayelaumiwa kwa jambo tunalolijua sisi? Kama yupo, anakaa mtaa gani? Leo yuko nyumbani?