Mwombaji Kazi Aliyebisha Hodi Nyumbani Kwake

Sehemu kubwa ya historia hii ilisimuliwa kwanza na dada mkubwa wa marehemu, Jumamosi tarehe 14 Juni 2014, siku familia ilipokutana kumpongeza marehemu kwa kustaafu, na mengine yameongezwa na wanawe, baada ya kuulizana na kusahihishana.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Haloo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa nne wa fundi breki na mshona sare, na dada yake anasema alianza kuongea mapema na hakuona sababu ya kupumzika. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1971, na Januari 1973 akaajiriwa na kampuni ya bima kuwa opereta wa simu, kazi ya kukaa mbele ya mtambo akichomeka na kuchomoa waya ili watu wapatane, na sauti yake, iliyomfanya mteja mwenye hasira asahau amekasirikia nini, ndiyo iliyompa jina hilo.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na fundi saa aliyeitwa ofisini kutengeneza saa ya ukutani, akairudia mara nyingi kuliko saa ile ilivyohitaji, nao wakajaliwa binti mwaka 1980, kisha wavulana wawili, 1983 na 1986.

Mwaka 1988 karani wa teleksi, mashine ya kupeleka ujumbe wa maandishi kwa waya, aliyekaa chumba cha jirani aliachishwa kazi, mtu hodari, asiyechelewa wala kukosea, na marehemu alirudi nyumbani hana hamu ya kula, akamwambia mumewe kwamba yule bwana ameondoka akiwa bingwa wa kazi ambayo haitakiwi tena, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza swali lolote mapema. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wa familia hii. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu zaidi na siku yake ya kuzaliwa, marehemu alivaa sketi ya kazini, akachukua mkoba na vyeti, akatokea mlango wa jikoni, akazunguka nyumba na kubisha hodi mlango wa mbele, aombe upya kazi yake mwenyewe. Sebuleni lilimsubiri jopo, mumewe akiwa na tai, watoto wamechana nywele, na mwishoni aliambiwa asubiri barazani, tutakujulisha. Jirani mmoja alipomkuta pale, alimvuta fundi saa pembeni kumsihi amsamehe mkewe na kumfungulia mlango.

Sharti la jopo lilikuwa kumtafutia upungufu mmoja, na sharti lake lilikuwa kujifunza huo mmoja tu mwaka mzima. Miaka ya mwanzo upungufu ulikuwa mdogo mdogo, lakini Machi 1992 binti, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliuliza swali kubwa.

"Simu zikianza kujiunganisha zenyewe, tukuajiri kwa lipi?"

 Marehemu alikaa barazani siku hiyo muda mrefu kuliko siku zote, na alipoitwa akaambiwa amekosa kazi, aliingia macho yanang'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, akamkumbatia binti yake, akampa cheo cha Mwenyekiti, jina analoitwa mpaka leo. Wiki ileile alijiandikisha masomo ya kompyuta ya jioni, mwaka uliofuata akajifunza kushughulikia malalamiko ya wateja, na kila mapumziko ya chai alimsaili opereta mwenzake wa kiti cha jirani, aliyemwita Pacha, mpaka mumewe akamuonya kwamba anamnoa mshindani wake. Marehemu alijibu kwamba kisu hakinoleki kwa kupapaswa.

Onyo lilikuwa na msingi. Mtambo wa kujiunganisha ulifika Mei 1994, nafasi zote za maopereta zikafutwa, zikatangazwa mbili tu za huduma kwa wateja, na waombaji walijaa korido, wengi wao vijana wenye vyeti vipya. Marehemu alitoka kwenye usaili akicheka, akawaambia wanawe kwamba wale mabwana ni wapole, hawafikii Mwenyekiti hata kidogo. Nafasi moja aliipata yeye na ya pili aliipata Pacha, na mwaka 2003 akawa mkufunzi wa kitengo kizima, hadi alipostaafu.

Kustaafu hakukumpunguzia usaili, kwa kuwa sasa aliomba kazi ya ubibi, wajukuu wakaingia kwenye jopo, wakamkuta na upungufu wa kuogelea, naye akajifunza akiwa na miaka sitini na mitano, akipiga kelele za furaha hadi mwokoaji wa bwawani akasimama.

Novemba 2023 alianza kuugua figo. Jumapili tarehe 10 Machi 2024, wodini, aliomba apakwe mafuta ya usoni, akabisha hodi kwenye meza ya dawa, na jopo likakaa. Mwenyekiti alishindwa kuuliza. Marehemu akamtazama.

"Jopo lisilo na swali limekuja kunywa chai."

Basi Mwenyekiti akamwambia, kwa sauti ya kikazi, asubiri, tutakujulisha, na marehemu akasema msichelewe. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani kwa kutoiacha nyumba ipoe, na wafanyakazi wenzake waliojaza safu hizi za nyuma.

Fundi saa alitangulia mwaka 2017. Dada mkubwa yuko hai, amekaa hapa mbele, Pacha yuko hai, na jirani wa barazani yuko hai, anacheka sasa hivi huku akifuta macho. Mwenyekiti yuko hai, na wadogo zake wako hai, na wajukuu wote. Jopo lilikaa jana, Mama Haloo, upungufu haukuonekana. Kazi umeipata, pumzika.