Jovina Anastaafu, na Midomo ya Wanywaji Imehama Tena

Baada ya miaka ishirini ya kuonja, kununua na kugombana na chupa, Bibi Jovina, mnunuzi mkuu wa ghala letu la divai hapa Gitega, anastaafu rasmi Jumatano, tarehe 31 Desemba 2025. Hafla ya kumuaga itafanyika hapahapa ghalani mchana wa siku hiyo. Tumemwekea kiti cha mbele, ingawa sisi tunaomfahamu tunajua hatakikalia. Hakuna mkutano aliowahi kuusikiliza akiwa ameketi mpaka mwisho.

Jovina alizaliwa katika makazi ya wakimbizi upande wa Tanzania, kwa wazazi waliotokea Ryansoro. Aliporudi nchini alipanga chumba mtaa wa Yoba hapa mjini, na mwaka 2005 akaajiriwa hapa kama karani wa mauzo. Kiswahili chake kilichonyooka kilituchekesha, sisi tuliozoea kuchanganya Kirundi na Kifaransa humohumo. Haukupita muda mrefu akawa ndiye anayeamua tununue nini, na cheo hicho kikamnyima raha. Agizo likishaondoka tu, yeye huanza kuzunguka ghalani akilitilia shaka, na wiki hiyo ukimsemesha anakujibu kwa mkato.

Wasiwasi wenyewe haukuwa wa bure. Alipoanza kazi, divai ilikuwa kitu cha kuwekwa, si cha kunywewa. Chupa ilisimama kwenye meza ya maharusi, ikapigwa picha, kisha ikarudishwa kabatini kusubiri harusi ya binamu. Mteja aliipima kwa mkono: chupa nzito yenye karatasi ya dhahabu ndiyo divai nzuri, habari imekwisha. Wachache waliothubutu kuifungua waliizimua kwa soda. Baadaye zikaja katoni za divai zenye bomba la kumiminia, tukaziuza hadi tukachoka. Halafu vijana waliosoma Bujumbura wakarudi wanataka isiyo na sukari, ile wanayoiita kavu, na kabla ya kunywa wanaizungusha kwenye glasi kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka ndani. Tulipoijaza ghala hiyo kavu, wenyewe wakahamia divai ya nanasi. Kila safari Jovina alitoka kwenye sherehe ya Jumamosi, akaingia kazini Jumatatu, akatupa mkoba mezani na kusema, "Midomo imehama tena."

Aliyeumia naye ni Bwana Alnoor, mwagizaji wetu wa chupa tupu, zile tunazojazia divai inayotufikia kwa mapipa. Dini yake haimruhusu kuonja hata tone, lakini anaijua kiu ya mji huu kwa kutazama chupa zinazotakiwa. Jovina alikuwa anaagiza chupa kubwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana ameshabadili anataka ndogo. Mzee wa watu akaona isiwe taabu, akatenga kona nzima dukani kwake na kuweka chupa za kila aina. Mpaka leo wafanyakazi wake wanaiita kona ya Jovina.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Buhinyuza, vijijini huko Muyinga. Mwaka 2008 tawi letu la Muyinga liliuza divai kavu kwa familia moja iliyokuwa inapeleka posa. Upande wa bwana harusi waliona aibu kunywa kwenye glasi huku wazee wakinyonya urwarwa, pombe ya ndizi, kwa mirija kutoka kwenye chungu kimoja, kwani kunywa peke yako mbele ya wenzio ni uchoyo. Basi, kwa moyo safi kabisa, wakaimimina divai yote ndani ya chungu ili kila mzee aipate. Mzee wa kwanza alivuta mrija, akautoa mdomoni. "Nani iko anatupatia kitu ya kuharibika? Urwarwa hii njo imechacha!" Mazungumzo ya mahari yakasimama, na lawama zikamwangukia Anisia, shangazi wa binti, kwa kuwa pombe ya ndizi alipika yeye.

Jovina alikuwa tawini Muyinga siku hiyo, akasikia yaliyotokea, akakimbilia huko. Kwa desturi, anayewapa wageni kinywaji hutangulia kukionja mbele yao. Yeye hakuishia kuonja. Alichukua mrija, akanywa mfululizo mpaka wazee wakaanza kunong'onezana, kisha akasema, "Urwarwa wa Anisia hauna kosa. Kilichowakera ni divai yangu." Mahari ilikubaliwa jioni hiyo, na bi harusi yule sasa ana watoto watatu.

Anisia hakuweka kinyongo. Aliomba aionje hiyo divai bila kuchanganywa na kitu, akauliza inavyohifadhiwa, akauliza tena. Baada ya misimu kadhaa ya kujaribu na kumwaga, yeye na wanawake wenzake walitoa divai ya ndizi iliyochujwa ikawa angavu, isiyo na utamu wa kukwama kooni. Jovina aliinunua. Mara nyingine aliikataa pia, lakini hakuwahi kukataa kwa simu. Alipanda gari hadi Muyinga, akaendelea hadi Buhinyuza, akaketi na waliotengeneza, akaimaliza glasi yake, ndipo akasema hapana. Ndizo mara pekee alizokuwa anakaa kitako. Sisi tulilalamikia mafuta ya gari, naye akatuacha tulalamike.

Siku hizi fedha za kigeni ni shida na divai ya nje inafika kwa kusuasua. Ungedhani huu ndio mwaka wa Buhinyuza. Wapi! Wanywaji wa Gitega wamerudia utamu. Kwenye kikao cha Novemba mkurugenzi wetu, Bibi Imelda, alisema bila kuficha: "Mi sina shida na Buhinyuza, mais watu iko wanataka ya sukari." Ikaamuliwa wapewe nafasi ya mwisho. Shehena ya Januari ikikataliwa na mnunuzi, ghala linaachana nao. Wanawake wale wamepanda migomba mipya kwa kutegemea neno la Jovina, na mapipa yameshajaa.

Wiki iliyofuata Jovina akatangaza kwamba haendi kupumzika Yoba. Nyumba aliyojenga huko ameipangisha. Anahamia Buhinyuza kufanya kazi na Anisia, na shehena ya Januari ataileta mwenyewe, Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu.

Na mnunuzi atakayeipokea ni mimi ninayeandika haya. Uteuzi wangu ulitangazwa siku hiyohiyo, na tangu hapo nimejaribu kuufurahia nikashindwa. Usingizi ninao, hamu ya kula sina. Nikiipitisha divai isiyonunulika, itaoza ghalani na Buhinyuza itakufa polepole kwa mkono wangu. Nikiikataa, inakufa siku hiyo. Juzi Jovina alikuja mezani kwangu, hakuketi, akaniambia, "Adriano, usinionee huruma. Mnywaji hatanionea." Kisha akasogea dirishani, akaniuliza kama lile pipa la mwisho la Buhinyuza nililoonja naliona chungu mno. Nilikuwa naliona chungu kidogo, na nadhani naye aliliona hivyo.

Dada Jovina, kwa niaba ya wenzako wa Gitega na Muyinga, asante kwa miaka ishirini. Asante kwa kutozoea kazi, hata pale ulipotuchosha. Asante kwa kila mlango uliokwenda kuupigia hodi wakati ingetosha kutuma ujumbe. Umetuachia ghala ambalo watu wanaliamini, na sisi tunaobaki tunakupenda. Hilo tulipaswa kulisema mapema zaidi.

Tunakutakia maisha mema, afya, na majirani wazuri huko uendako. Jumatatu mlango utakuwa wazi tangu asubuhi. Ukileta mbaya, nitaikataa. Kwa hiyo lete nzuri, dada. Nakuomba.