Halvor Rindahl na Barafu ya Arvell

Ndugu, majirani wa Arvell, nanyi mliotoka kijiji jirani cha Lorne Hill kwa barabara hii mbaya, marehemu Halvor Rindahl alizaliwa tarehe 9 Februari 1941, shambani kwa wazazi wake, maili nne kaskazini mwa kijiji chetu cha Arvell, Saskatchewan, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Anders Rindahl na Bi. Gudrun. Alisoma Shule ya Arvell kuanzia mwaka 1947 hadi 1957, alipoacha masomo kwa sababu baba yake aliumia mgongo wakati wa mavuno, na tangu hapo alilima ngano katika shamba lile lile mpaka uzeeni.

Mwaka 1966 wanakijiji walimchagua kuwa mtunza barafu wa ukumbi wetu, tunamotelezesha mawe juu ya barafu kuyalenga maduara yaliyochorwa pande zote mbili, kazi isiyo na mshahara, naye akaishika hadi mwisho. Wengi mnakumbuka majira ya baridi ya mwaka 1974, alipochora duara la upande wa mashariki kabla maji ya chini hayajashika sawasawa, likasogea kuelekea ukutani kwa upana wa mkono, na alipogundua, barafu ya juu ilikwisha kuganda. Wageni wa Lorne Hill walipolalamika, aliwajibu, "Duara liko mahali pake, ni nyinyi mliosimama upande." Arvell, waliokwisha kuuzoea upogo ule, walitwaa kombe, na wazee wa Lorne Hill waliomo humu wanasema mpaka leo kwamba waliibiwa.

Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Bi. Paraskeva Moroz, binti wa nahodha wa timu ya hao hao Lorne Hill, naye mwenyewe mchezaji wao, ambaye alikutana naye mezani baada ya mchezo, kwa kuwa desturi yetu ni kwamba aliyeshinda humnunulia aliyeshindwa kinywaji na kuketi naye, apende asipende. Bi. Paraskeva hupenda kusema, "Jioni ile alininywesha kahawa kwa sababu ilimlazimu, nami nikaolewa naye kwa huruma." Mungu aliwajalia watoto wawili, Solveig, aliyezaliwa mwaka 1970, na Taras, aliyezaliwa mwaka 1973.

Marehemu aliona shule ikifungwa mwaka 1994, duka mwaka 2003 na posta mwaka 2012, na kila mara tuliambiwa kwamba ni kwa muda tu. Kwa hiyo Oktoba mwaka huu, mashine ya kugandisha ilipoharibika kabisa, na Solveig, ambaye ndiye mwenyekiti wa baraza la kijiji, alipopendekeza ukumbi ufungwe kwa msimu mmoja, marehemu alisimama mbele ya baraza akiwa na fimbo yake. Solveig alimwambia, "Baba, mashine imekufa, tufanyeje?" Naye akajibu, "Iliyokufa ni mashine, mwanangu, baridi haijafa. Fungueni milango." Alieleza jinsi barafu ilivyotengenezwa kabla ya mashine kununuliwa, kwa kuacha milango wazi pande zote mbili na kumwaga maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, na baraza, baada ya kubishana sana, likampa msimu huu mmoja ajaribu.

Alikuwa akiugua moyo tangu Machi. Tarehe 25 Novemba alizidiwa, akapelekwa hospitali Saskatoon, na huko kila aliyemtembelea aliulizwa kwanza kama milango imefunguliwa, kisha ndipo akasalimiwa. Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 83, kabla tone la kwanza halijamwagwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji wetu, majirani waliowasha moto wa majani makavu makaburini ili ardhi iliyoganda kwa baridi ichimbike, akina mama wa jikoni, na watu wa Lorne Hill waliokuja na fagio zao za kusugulia barafu mbele ya jiwe. Tunawajulisha pia kwamba tangu Jumatano Solveig mwenyewe ndiye anayeshika mpira wa kumwagia maji, tabaka tatu zimekwisha kuganda, na duara la mashariki, kwa uamuzi wa familia, litachorwa pale pale alipolichora yeye. Mchezo wa kwanza ni Jumamosi ijayo.

Pumzika kwa amani, Halvor. Milango iko wazi, na baridi inaingia.