Mwili wa Sindano

Bisheni kama mnaweza: mikono hii inayofanana na vijiti vya kuchokolea meno iliwahi kunyanyua geti la chuma peke yake, mafundi wenzangu wamekaa wanajikuna, ndipo karakana nzima ikaniita Winchi. Mama ameshacheka, nanyi chekeni, ila sikilizeni wadogo zangu, maana pumzi inaniishia na sitarudia.

Mashine ya kuchomelea ni yako, dogo, na miwani yake. Nawe dada chukua chumba changu, utie kufuli, usimruhusu shangazi aingize magunia yake, kwani shangazi akiweka mguu huota mizizi. Fundi mkuu niligombana naye mbele ya wateja. Mwambieni nimemsamehe, ingawa mkosaji nilikuwa mimi.

Shule niliikimbia, lakini homoni nazijua kuliko mwalimu wenu wa sayansi, kwa kuwa nilijidunga ile ya kukuza, waliyokuwa wakituuzia kule jimu kwa kificho, nikavimba kifua mpaka mashati yakakataa vifungo; na nilipoanza kutoa damu chooni nikasema bawasiri tu hiyo, dume zima halichunguliwi nyuma. Mficha maradhi kilio humuumbua. Daktari hakuapa kwamba sindano ndizo zilizoleta saratani ya utumbo, ila aliniambia, "Kijana, homoni ya kukuza haichagui, ikikuta msuli inaukuza, na ikikuta uvimbe huenda ikaulisha." Wakanikata utumbo, wakanitia dawa za mishipani zilizoninyoa hadi nyusi, na kumbe ugonjwa ulishahamia kwenye ini.

Kwa hiyo, dogo, kesho uende ukapimwe utumbo, na umwambie daktari ni mimi niliyekutuma. Usinitolee macho, eti kaka mimi siumwi kitu. Hata mimi nilikuwa siumwi kitu, nikibeba mageti.

Msinivike fulana ya kubana, nitachekesha waombolezaji. Mama asilale peke yake. Nipe maji, dada... basi, yanatosha.

Mungu awape uzee, ule wa meno kung'oka yenyewe.

Dogo, sogea. Sauti... haifiki. Kuna mahali niliruka. Ile dawa ikishachanganywa haikai, huharibika, na mimi kumwaga kitu cha bei vile roho iliniuma. Mabaki yote nilikudunga wewe. Nikakuambia ni vitamini.