Demiana Wissa na Bawa la Kulia

Marehemu Profesa Demiana Wissa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Minya, kifungua mimba wa fundi cherehani Wissa Banoub na mkewe Estir. Alipewa sindano kama watoto wote wa nyumba ile, akaitupa. Yeye alitaka nzi. Aliwafunika kwa glasi ya chai awachungulie mabawa, mama yake akifoka, "We mtoto, hiyo glasi wanaywea wageni!"

Alimaliza sekondari Minya mwaka 1976, akasomea uhandisi Aleksandria na kufundisha huko miaka thelathini na tatu. Mwaka 1986 aliolewa na Rafik Habib, mwalimu wa jiografia, aliyetutoka 2014.

Kazi aliyoipenda ilikuwa kuunda chombo cha kuruka, kidogo kama nyuki. Wenzake walisema kwa udogo ule bawa bapa linatosha. Yeye akashikilia kwamba lazima lipinde kidogo, mgongo juu, maana kwa kitu kidogo hivyo hewa ni nzito kama asali, na bawa lililopinda huishika vizuri. Majaribio aliyafanyia sebuleni, Agosti, feni imezimwa.

"Fungeni dirisha, upepo utakiangusha!" aliamuru.

"Mama Verena, utatuchemsha kama mayai," Rafik alilalamika, huku akilifunga.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha, na alikisema wazi, ni kufa kabla hajakiona chombo chake kikiruka, na kwa miaka miwili iliyotangulia kila alichounda kilibiringika na kuanguka.

Tarehe 23 Oktoba mdogo wake Irini, aliyerithi cherehani ya baba na ndiye anayewasomea haya, alikuwa akimnywesha supu ya dengu. Alikiokota kile kidude sakafuni, akakigeuzageuza.

"Dada, mbona umekata mikono miwili ya kushoto?"

"Mikono gani tena?"

"Kalibu moja ya kukatia, mabawa mawili, kama mikono ya shati! Hili la kulia umelipindua ili likae, sasa mgongo uko chini. Profesa mzima! Baba angekuchapa rula."

"Nyamaza, usinichekeshe, kifua kinauma," alisema Demiana, akacheka mpaka machozi.

Kalibu ya pili waliichonga pamoja. Tarehe 2 Novemba kidude kilielea juu ya kitanda chake sekunde kumi na moja. Alilia kwa furaha, nyumba nzima ikalia naye.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2022, saa nne asubuhi. Ameacha binti yake Verena, wajukuu Kirolos na Marina, na mdogo wake Irini.

Apumzike sasa. Leo madirisha yote ya nyumba yake yako wazi.