Mama Washa Tuone Anaondoka, Mfuko wa Nishati Bado Upo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na nane ya utumishi, mratibu wa Mfuko wa Ruzuku Ndogo za Nishati atafunga mlango wa ofisi yake ya ghorofa ya tatu na kwenda nyumbani kama mstaafu. Wanafunzi wanamwita Mama Washa Tuone. Wahadhiri nao wanamwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Alianza kazi akiwa karani wa masjala. Mfuko ulipoanzishwa alikabidhiwa yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Kazi ilikuwa kugawa fedha kidogo kwa wanafunzi wenye miradi ya nishati: taa za jua, majiko yasiyomaliza kuni, mitambo ya gesi ya samadi. Utaratibu ulimtaka asome ripoti na kuweka sahihi. Yeye akaongeza wa kwake, ambao haujaandikwa popote: kabla ya kutoa awamu ya pili ya fedha, kitu kiletwe ofisini, kiwashwe mbele yake. Kisipowaka, mwenyewe akajipange upya.

Majirani wa ghorofa ya tatu tumeonja joto ya jiwe. Mtungi wa gesi ya samadi ulivuja siku ya mahafali, na mkuu wa kitivo akamaliza hotuba kwa kasi ambayo hatujaiona tena. Baiskeli ya kuzalisha umeme ilipokosa mwendeshaji, alipandishwa mhasibu aliyekuja kukagua risiti, na suti yake, akakanyaga pedali mpaka balbu ikawaka. Inasemekana risiti zile zilipita bila swali. Pazia la ofisi limebadilishwa mara tatu, na wala si kwa sababu ya uchafu.

Msidhani ni mizaha mitupu. Mwanafunzi akija na maelezo marefu, Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama mama yake mzazi angeweza kukitumia kitu hicho bila kumpigia simu. Wengi waliondoka wakinung'unika, wakarudi na kitu bora zaidi.

Miaka sita iliyopita Baraza la chuo liliitisha kikao cha kuufuta mfuko. Walisema ni vichezeo, heri fedha zikapake rangi ukumbi. Mama alikonda, na sote tuliona. Yanayofuata hatuna ushahidi nayo. Asubuhi ya kikao umeme ulikatika jengo zima. Fundi umeme wa chuo, ambaye kwa bahati tu ni shemeji yake, aliandika kuwa ni hitilafu isiyojulikana. Kwa bahati nyingine, taa za wanafunzi zilikuwa zimeshapangwa mlangoni mwa chumba cha mikutano, ambacho hakina dirisha hata moja, zote zimejaa chaji.

Mpango huo, kama ulikuwepo, ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeikumbuka lifti. Mwenyekiti wa Baraza, aliyekuwa amechelewa, alinasa humo pamoja na binti wa mwaka wa tatu aliyekuwa akipandisha taa ya mwisho. Mama alipopata habari alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa, akasema amewaponza watoto wa watu. Alijua mfuko umekwisha, na ajira yake pia.

Walipotolewa, mwenyekiti alikuwa amelowa jasho na ameikumbatia taa. Humo ndani binti alikuwa amemweleza betri inatoka wapi, inadumu muda gani, na kwamba bibi yake, ambaye ni mkunga, huitumia kuzalisha akina mama. Mzee akaingia kikaoni, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaiweka taa mezani. Hoja ya kuufuta mfuko haikupata hata mtu mmoja wa kuiunga mkono.

Mama, asante kwa kutusumbua. Tutakukumbuka, na tuseme ukweli, tunaogopa: hoja ileile imerudi kwenye ajenda ya mwezi ujao, nawe hutakuwepo. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watakaowasha kila wanachoshika. Waheshimiwa wa Baraza nao tunawatakia kikao chema. Shemeji bado yupo kazini, kwa hiyo tunawashauri wapande kwa ngazi.